Jana Nilijitangaza Kufa, na Sauti Sina

Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na Mtaa wa Msimbazi umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Umeme upo, kwa hiyo naandika haraka kabla haujabadili mawazo.

Shajara yangu, mimi ni mzima. Nimeona nianze na hilo kwa sababu jana watu wengi wa Ilala walipata habari tofauti, na aliyewapa habari hiyo ni mimi mwenyewe.

Kama umefika hapa kwa bahati mbaya, ukitafuta bei za simu au matokeo ya mpira, nikueleze mimi ni nani. Naitwa Mwanaidi Kondo na kazi yangu ni kusoma matangazo ya vifo. Usicheke. Tangu serikali iruhusu watu binafsi wafungue redio zao, matangazo yamekuwa biashara kama vitenge. Ofisi yetu ipo Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la Mzee Nassoro, Mwarabu wa hapa hapa mtaani anayeuza viungo na asali. Mwenye ofisi ni Kantibhai, Mhindi wa Upanga, mpole, anayekunywa chai tangu anafika mpaka anaondoka. Wafiwa wanatuletea maneno, mimi nasoma, Saidi fundi sauti anasafisha, halafu tunapeleka kwenye vituo vitatu vya redio ili yasikike mchana na jioni.

Zamani tulikuwa tunapeleka kwa imeili. Tulikuwa na anwani moja ya kundi: ukituma, inamfikia Kantibhai, Saidi, na wahusika wa vituo vyote vitatu. Sitaki kuisifia kuliko inavyostahili. Faili la sauti ni zito, na imeili ilikuwa inalibeba kwa kunung'unika. Mara sanduku la mtu limejaa, mara umeme umekatika faili likiwa nusu, inabidi uanze upya. Mara mtu wa kituo kimoja anajibu kundi zima kuuliza kama kuna anayeuza godoro. Siku moja marehemu mmoja alizikwa tangazo lake likiwa bado linahangaika njiani. Familia ilikuja kutulilia hapa ofisini.

Kwa hiyo Hiten alipokuja na mtambo wake, mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Hiten ni mpwa wa Kantibhai, kasomea kompyuta nje, anaongea Kiswahili cha Upanga chenye haraka kuliko changu. Alituwekea mfumo wa kuhamisha mafaili tu, hauna kazi nyingine. Unaweka faili upande huu, mitambo ya vituo inalichukua yenyewe upande ule na kulirusha muda wa matangazo ukifika. Umeme ukikatika, unaendelea pale ulipoishia. Tukauita Ghala. Kwa miezi kadhaa hakuna tangazo lililochelewa hata moja, na Kantibhai alituongezea mshahara bila kuombwa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua, nikaona aibu kukisema. Kwenye Ghala hakuna mtu. Kwenye imeili hata yule wa godoro alikuwa anaanza na habari za asubuhi. Nikituma tangazo la mtoto mchanga, lazima mmoja angejibu, "Dada Mwanaidi, pole, hili limeniuma." Ghalani unaweka marehemu wako, unaona jina lake limekaa kwenye mstari, ukirudi baadaye limeondoka. Nani kalichukua, hujui. Unabaki unatazama kioo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Bibi aliyenifundisha kazi alikuwa mtangazaji tangu enzi za redio moja nchi nzima. Alikuwa na mwiko mmoja. Ukitaka kujaribu mashine, alisema, jitangaze kifo wewe mwenyewe. Usimtangaze mtu mwingine, hata wa kubuni, maana nchi hii hakuna jina lisilo na mwenyewe. Wasomaji wote aliowafundisha tunafanya hivyo mpaka leo. Kipaza sauti kipya kikija, nakufa. Kompyuta ikitengenezwa, nakufa tena. Nilikuwa nawatumia wenzangu kwa imeili nikiwaandikia kwamba leo nimefariki, ni jaribio, jamani msirushe. Wao walikuwa wananijibu nipumzike kwa amani ila niache ufunguo wa stoo. Tulicheka sana na vifo vyangu.

Jumapili sauti ilinikauka. Si mafua ya kawaida, ilikatika kabisa kama maji ya bomba la DAWASCO. Daktari alinichungulia koo, akaniambia nikae kimya, nisinong'one hata kidogo. Kwa Mama ilikuwa shida, kwa sababu Mama ana mtoto wa jicho na haoni ila vivuli. Yeye ananijua kwa sauti. Tunakaa wawili tu Mchikichini, nyuma ya wauza mitumba ya viatu, na kwa siku hizi tulielewana kwa kupapasana vidole na kwa makofi. Nikifika nyumbani, badala ya hodi napiga makofi mawili mlangoni, naye anajua ni mimi.

Ofisini wakaamua kwamba Saidi atasoma majina, ila mwanzo wa tangazo watumie sauti yangu ya zamani, maana wafiwa wameizoea. Hiten akaingia kwenye imeili zetu zote za nyuma, akakusanya kila faili lenye sauti yangu, akaliweka Ghalani. Alikusanya mafaili. Maneno yaliyokuwa yameandikwa pembeni ya kila faili hakuyachukua, kwa sababu Ghala halichukui maneno. Onyo langu la "msirushe" lilibaki kule kule kwenye imeili.

Jana mchana nilishuka kwa Mzee Nassoro kununua asali na tangawizi. Nilikuwa namwonyesha kwa kidole chupa ninayoitaka. Redio yake ilikuwa juu ya rafu, karibu na mdalasini. Ukapigwa ule muziki wa polepole wa matangazo ya vifo, nikaanza kusikia mwanamke anasoma.

Familia ya Bi Mwajuma wa Mchikichini, Ilala, inasikitika kutangaza kifo cha binti yao mpendwa, Mwanaidi Kondo, kilichotokea ghafla. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Nilisimama, kidole bado kimeelekea kwenye chupa. Kitu cha kwanza nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba huyu msomaji anasoma vizuri. Ametulia, kituo cha sentensi kinakaa mahali pake, na jina halimezwi. Ndipo nikaitambua sauti. Ilikuwa yangu.

Mzee Nassoro, kwa mazoea ya mtu mzima, alikuwa ameshasema inna lillahi wa inna ilaihi raji'un kabla jina halijamwingia kichwani. Likamwingia. Akageuka taratibu kunitazama.

"Mwanaidi," aliniambia. "Hebu sema neno."

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hewa tu. Yeye ananijua tangu nikiwa msichana, lakini nilimwona akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu. Nikamnyooshea pesa ya asali na mkono wake haukuja kuipokea. Alinionyesha mlango kwa kidevu, bila ukali, na kuniambia niende tu.

Nikampigia Mama simu. Sijui nilitegemea nini, kidole kilibonyeza chenyewe. Akapokea. "Nani?" Nikavuta pumzi. "Nani hapo?" Nikaendelea kupumua ndani ya simu, na nilivyozidi kujitahidi pumzi ikazidi kuwa ya kutisha, hata mimi niliisikia. Akakata.

Nilipanda ngazi mbio. Saidi alikuwa na visikilizio masikioni, anasafisha sauti ya mtu, hajui lolote. Nilimvua, nikamwandikia kwenye simu yangu: MIMI NIMERUSHWA. Kijana alisoma, akasoma tena, akabadilika rangi. Akampigia Mama, laini inatumika. Akarudia, inatumika. Mara ya mwisho ilikuwa imezimwa. Hapo nilielewa kwamba jamaa wameshaanza kupiga pole mpaka chaji imeisha. Nilimwachia Saidi vituo vya redio, nikaondoka na mvua.

Alichofanya nyuma yangu kanisimulia leo asubuhi. Kituo kilichorusha na kingine cha pili walipokea simu na kulitoa tangazo. Cha tatu hakuna aliyepokea, na tangazo lilikuwa limepangwa kusikika jioni, wakati ndugu zetu wa Rufiji wote wanasikiliza redio. Hiten alilifuta Ghalani, lakini mtambo wa kule ulishachukua nakala yake. Saidi akaandika maelezo, akayaweka Ghalani. Yalikaa pale kwenye mstari, hayakuchukuliwa, kwa sababu mtambo unatafuta sauti tu. Basi akarudi kwenye imeili ya kundi, ile tuliyoitupa. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa kwa jina langu na kwa papara hakubadilisha. Akaandika: jamani msirushe, Mwanaidi ni mzima.

Jibu lilikuja papo hapo. "Wewe unayetumia anwani ya marehemu, muogope Mungu."

Saidi alisema hajawahi kufurahi kutukanwa kama jana. Maana aliyetukana ni mtu, na mtu unaweza kumweleza. Walijibizana, tangazo likatolewa.

Mimi wakati huo nilikuwa naingia uchochoroni kwetu. Wauza viatu walikuwa wamefunika mizigo yao kwa nailoni na wamenyamaza, kitu ambacho sijawahi kukiona Mchikichini hata siku ya mvua. Mmoja wao, tunayetaniana kila asubuhi, alinitazama nikipita akashusha macho. Mlangoni kwetu palikuwa na benchi la wanaume. Ndani nilisikia wanawake. Sufuria kubwa la mtaa, lile la shughuli, lilikuwa limeshabandikwa ukumbini chini ya bati.

Nilisimama mlangoni kwangu, kwenye msiba wangu, sina sauti ya kupiga hodi.

Nikapiga makofi mawili.

Kilio kilikatika. Wanaume wa benchi waliinuka wote, mmoja akatoka mbio na kandambili moja. Kutoka ndani nilimsikia Mama anasema, kwa utulivu kabisa, "Amekuja."

Mama Sofi, jirani yetu, ndiye aliyekuwa na moyo. Alitoka na kanga yake kiunoni, akanitazama juu mpaka chini, akanishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaingia. "Ana joto," aliwaambia wenzake. "Jamani huyu ana joto." Ndipo baadhi wakaanza kulia upya na wengine kucheka, na mtu akaniletea kiti kama mgeni.

Nikaenda kupiga magoti mbele ya Mama. Alikuwa mkekani, redio mapajani. Mama Sofi akamweleza kwamba ni uongo, kuna makosa yamefanyika, Mwanaidi huyu hapa. Mama akatikisa kichwa.

"Mwanaidi kasema mwenyewe kwamba amekufa," alisema. "Asubuhi ametoka hapa hana sauti. Mchana nimemsikia sauti nzima, haina mkwaruzo. Nikajua yamekwisha. Aliyekufa haumwi koo."

Hata mimi, niliyekuwa nasikia magoti yangu yakiuma juu ya sakafu, kwa muda nilijihesabu upya.

Alinishika mikono, akaipapasa kidole kwa kidole, akapanda mpaka usoni. Akasema, "Mkono ni wake." Hakusema ni wako. Halafu akaagiza chakula kigawiwe, kwa sababu cha msiba hakirudishwi jikoni, na majirani wakala wali wa maziko yangu na mchuzi wa maharage. Mimi nilikula pia, nilikuwa na njaa. Ulikuwa na chumvi nyingi, nadhani aliyepika alikuwa analia.

Jioni tulisikiliza redio pamoja. Saidi alisoma sahihisho, kwamba tangazo la mchana lilikuwa la majaribio na kwamba wahusika wanaomba radhi. Alisoma vizuri kwa mtu aliyezoea kusafisha sauti za wengine. Nikabana mkono wa Mama kwa furaha. Mama akauliza huyo ni nani. Mama Sofi akamwambia ni Saidi wa ofisini.

"Mimi Saidi simjui," akasema. "Ninayemjua alishasema."

Akazima redio. Alipotaka maji alimwambia Mama Sofi, "Mwambie huyu aniletee." Nilimletea. Alikunywa na kushukuru, kwa adabu anayowapa watu wasio wa nyumbani.

Huyu. Usiku kucha nilikuwa huyu.

Sina hasira na Ghala. Leo Kantibhai katuita, macho mekundu, chai haijaguswa, akasema anauondoa mtambo turudi kwenye imeili kama zamani. Nimemwandikia asiuondoe. Nimefikiri sana na naona hivi: Ghala ni zuri kwa kubeba, kama mpagazi wetu wa hapa sokoni. Ukimpa mzigo anaufikisha ulivyo, hadondoshi kitu, hachungulii. Lakini hakuna anayemtuma mpagazi apeleke msiba bila kumfuatisha na mtu wa kuongea. Imeili inasahau, inajaa, inachelewa, na ina watu ndani yake wanaoweza kuuliza, "Jamani, mna uhakika? Huyu si nilimwona juzi?" Kwa hiyo nimependekeza tangazo lisitoke Ghalani mpaka mtu mmoja ajibu kwenye kundi kwa maneno yake kwamba amelisikiliza. Tutachelewa kidogo. Hiten amekubali, kijana wa watu hajainua kichwa tangu asubuhi. Nimemwekea mkono begani, akashtuka.

Ameshafuta mafaili yote ya vifo vyangu. Anasema hayapo tena popote. Simwamini sana. Mwaka mzima yalikuwa yamelala kwenye imeili, hakuna aliyejua kwamba ipo siku yataamka.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Naandika hapa kwa sababu Mama hasomi blogu.

Mchana huu sauti imerudi.

Nilikuwa peke yangu chumba cha kurekodia. Nilikohoa, likatoka neno, nikashtuka nikageuka kuangalia nani kaingia. Nikajaribu tena. Ilikuwa safi, haina mkwaruzo, kama haijawahi kuondoka. Ilikuwa ile ile ya redioni kwa Mzee Nassoro. Nilifunga mdomo mara moja.

Saidi alinisikia kupitia ukutani, akaja anacheka kwa furaha, akaniomba nikae nirekodi sahihisho kwa sauti yangu, waliweke Ghalani, liende hewani jioni hii hii. Nimekataa. Sitaki Mama anisikie tena kutoka kwenye kile kiboksi kabla hajanisikia chumbani kwake. Na ukweli ni kwamba naogopa. Mama anasubiri sauti yangu na hakuna kingine kitakachomtosha. Lakini sauti atakayoisikia ni hiyo hiyo iliyomwambia nimekufa, tena imepona kama alivyosema. Nikiingia nayo, atamsikia binti yake au atamsikia yule wa redio?

Nimewaza kukwaruza kidogo kwa makusudi, kujifanya bado naumwa, ili aniamini. Nikajiona mjinga. Nimeshamdanganya mara moja bila kukusudia, siwezi kumdanganya tena nikikusudia.

Mvua imepungua. Mzee Nassoro kanipandishia chupa ya asali mwenyewe, kaiacha juu ya ngazi, hakugonga. Nitampitia nimlipe, na nitamsalimia kwa sauti, yeye wa kwanza, nione atafanya nini.

Kisha nakwenda Mchikichini. Leo sipigi makofi. Nitapiga hodi kwa mdomo, nitavua viatu, nitakaa mkekani karibu naye, redio nitaisogeza pembeni. Sitaeleza Ghala wala imeili. Nitamwamkia tu, shikamoo mama, kama kila siku ya maisha yangu.

Halafu nitanyamaza, nisubiri kama nitaitikiwa.